Farasi na Mwito wa Malishoni

Katika elimu ya ufugaji wa farasi, mambo mengi huonekana makubwa kuliko yalivyo, na machache huonekana madogo hali ni makubwa. Moja katika hayo machache ni kumwita farasi aliye malishoni naye akaja. Farasi aliyefungwa kamba huvutwa. Aliyetiwa lijamu kinywani huongozwa. Aliye bandani hana njia ya kupita. Lakini yule aliyeachwa huru penye majani, wenzake wakiwa ubavuni pake na miguu yake ikiwa na mbio zisizofikiwa na mwanadamu yeyote, hana kitu cha kumlazimisha kuja. Mtu asimamaye langoni akaita hana nguvu mkononi wakati huo. Ana sauti tu, na thamani ya sauti ile ni jumla ya mambo yote ambayo farasi ameyapata kwake siku zilizopita.

Kwa sababu hiyo mwito wa malishoni umekuwa kipimo cha jambo linalowahusu wanadamu wenyewe, si farasi peke yao: kama utii upatikanao kwa hofu na utii upatikanao kwa imani ni kitu kimoja. Waliofuga farasi wamelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 2,300, na majibu yao yafaa kutazamwa kwa taratibu.

Kwanza hapana budi kumjua farasi mwenyewe. Ni mnyama wa kukimbia. Macho yake yamewekwa kando ya kichwa, hata huona karibu pande zote pasipo kugeuka; masikio yake huzunguka kila moja kwa upande wake; na mara nyingi husinzia akiwa amesimama, tayari kwa mbio. Hayo ni maumbile ya kiumbe aliyewindwa, na mmoja katika wawindaji wake wa kale alikuwa mwanadamu, aliyemla nyama kwa maelfu ya miaka kabla ya kufikiri kumpanda. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba asili ya farasi wote wafugwao leo ni nyika zilizo karibu na sehemu za chini za mito Volga na Don, na kwamba kizazi hicho kilianza kuenea kwa kasi mahali pengi yapata mwaka 2200 K.K. Wataalamu wale waliona pia alama za uteuzi mahali pawili katika urithi wa farasi hao: pamoja kunahusiana na nguvu ya mgongo, na pengine, kwa dhana yao, kunahusiana na upole. Kama dhana hiyo ni sawa, basi wafugaji wa kwanza hawakutafuta mgongo wa kubeba tu. Walitafuta pia moyo usiotishika upesi. Hata hivyo upole wa kuzaliwa hautoshi. Farasi mpole asiyefundishwa humtazama mwitaji, kisha huinamisha kichwa akaendelea kula.

Mtu wa kale aliyeandika vizuri juu ya jambo hili, na maandishi yake yakasalia kamili, ni Xenophon wa Athens, aliyeishi yapata mwaka 430 hata 354 K.K. Alikuwa askari, mwanafunzi wa Socrates, na mmoja wa viongozi wa Wayunani elfu kumi waliorudi kwao kwa miguu kutoka Uajemi. Katika kitabu chake kifupi juu ya upandaji wa farasi alimtaja Simon, aliyemtangulia kuandika habari hizo. Xenophon hakutoa somo la kuita kutoka malishoni, lakini aliweka msingi ambao masomo yote ya kuita hujengwa juu yake. Alishauri kwamba mtoto wa farasi, kabla hajapelekwa kwa mwalimu, alelewe na saisi wa nyumbani kwa hila moja ya hekima: njaa, kiu na kero ya nzi zimpate akiwa peke yake, bali chakula, maji na nafuu ya kuondolewa nzi vimfikie kwa mkono wa mtu. Alisema kuwa farasi aliyelelewa hivyo hatawapenda watu tu, atawatamani. Aliagiza pia aguswe mahali anapofurahia kuguswa, hasa mahali ambapo mwenyewe hafikii akiwashwa. Tena alionya kwamba farasi asiendewe kwa hasira, na kwamba akishtushwa na kitu asipigwe, maana kipigo humthibitishia kuwa kitu kile ni cha kutisha kweli. Mwenye farasi na akiguse mwenyewe kwanza, kisha amsogeze mnyama taratibu.

Inafaa kuangalia kuwa shauri hilo halikutoka kwa mtu mwenye huruma tupu. Xenophon alifikiri vita. Farasi anayemkimbia bwana wake kambini ni hatari kwa askari kuliko adui aliye mbali. Upole kwake ulikuwa silaha, na aliuchagua kwa kuwa aliona kwamba jambo litendwalo kwa kulazimishwa hutendwa pasipo kuelewa, na lisiloeleweka halitegemeki siku ya shida.

Katika bara Arabu hali ya nchi yenyewe ilifanya kazi ambayo Xenophon alitaka saisi aifanye. Jangwani farasi hawezi kuishi kwa nguvu zake. Maji yako visimani, na hutekwa kwa kamba na ndoo. Majani huota msimu mmoja na kukauka msimu wa pili. Na Mabedui waliwanywesha farasi wao maziwa ya ngamia pale maji yalipoadimika. Farasi jike, aliyependwa kwa safari za vita kuliko dume, alikaa karibu na hema, na watoto wake walichezewa na watoto wa watu tangu kuzaliwa. Lady Anne Blunt wa Uingereza, aliyesafiri na mumewe kati ya makabila ya mto Furati na kutoa kitabu chake mwaka 1879, alieleza kwamba Bedui hakumtia farasi wake lijamu, bali alimwongoza kwa hatamu ya kichwani yenye mnyororo mwembamba puani, na kwamba farasi hao hawakuwa na hofu ya mtu. Haikuwa ajabu. Sauti ya mtu ilikuwa ndiyo sauti ya maji.

Huko ndiko kulikotoka hekaya mashuhuri ya majike watano. Yasimuliwa kwamba Mtume Muhammad aliwazuia farasi wengi wasinywe maji mpaka kiu ikawazidi. Kisha wakafunguliwa, na walipokuwa wakikimbilia maji baragumu ikapigwa. Watano tu waligeuka wakarudi pasipo kunywa, na hao, kwa masimulizi, ndio mama wa nasaba tano ziitwazo al-Khamsa. Hekaya hiyo ina wasimulizi wengi na sura nyingi. Wengine huihusisha na Nabii Suleiman, na historia haiithibitishi. Lakini thamani yake si katika tarehe. Inaonyesha kile ambacho watu wa farasi walikihesabu kuwa ukamilifu: kuacha kilicho mbele ya pua kwa ajili ya sauti iliyo nyuma ya mgongo. Hata hivyo mfugaji makini angeiogopa hekaya hiyo kama kanuni ya mafunzo. Mwito ushindanishwao na kiu kali humaliza kwa siku moja akiba iliyowekwa kwa mwaka. Majike watano walirudi. Wale wengine wote walifundishwa kuwa baragumu hulia wakati wa kukosa maji.

Upande wa pili wa dunia, katika Amerika ya Kusini, palikuwa na ufundi mwingine. Charles Darwin alipovuka milima ya Andes kutoka Chile mwezi Machi 1835, aliona jinsi wachungaji wa nyumbu walivyomtumia farasi jike mmoja aliyeitwa madrina. Jike huyo alivishwa kengele ndogo shingoni, na nyumbu wote wa msafara walimfuata kama watoto wamfuatavyo mlezi. Darwin aliandika kwamba makundi kadhaa yakichanganyika malishoni usiku kucha, hata kama ni nyumbu mia mbili au tatu, asubuhi kila mchungaji alimtenga madrina wake kando kidogo akaitikisa kengele, na kila nyumbu aliitambua kengele ya mlezi wake akamwendea. Hapa mwanadamu hakujipendekeza mwenyewe. Alijificha nyuma ya upendo uliokwisha kuwapo kati ya mnyama na mnyama. Funzo lililomo ni kwamba farasi na jamaa zake ni watu wa kundi, na mwito unaomtenga mmoja na wenzake ni mzito zaidi ya ule unaowaita wote. Hadi leo mfugaji mwenye akili hujaribu kwanza kumvuta yule anayefuatwa na wengine.

Sambamba na njia hizo za upole palikuwa na njia ya nguvu, nayo ilienea mno. Farasi mchanga aliachwa mwituni au nyikani miaka miwili mitatu, kisha akakamatwa kwa kitanzi, akafungwa, akapandwa, akapigwa mpaka akachoka. Lugha nyingi zina neno la kazi hiyo, na mara nyingi maana yake ni kuvunja. Njia hiyo ilikuwa na faida ya haraka: kwa siku chache mnyama hupandika. Hasara yake ilionekana pale alipofunguliwa. Farasi aliyevunjwa hukamatwa, haitwi. Kila siku ya kazi huanza kwa msako.

Katikati ya karne ya 19 alitokea Mmarekani, John Solomon Rarey, mzaliwa wa Ohio, akadai kuwa hakuna farasi asiyeweza kutulizwa. Alifika Uingereza, na mwaka 1858 akafanya maonyesho mbele ya Malkia Victoria, kisha akamtuliza Cruiser, farasi dume aliyeogopwa kwa ukali wake na aliyekuwa amefungwa kofia ya chuma kinywani asiume watu. Rarey alimkunja farasi mguu mmoja wa mbele kwa ukanda, akamlaza chini pasipo kumpiga, kisha akampapasa mwili mzima akisema naye kwa sauti ya chini. Watu walistaajabu, na Cruiser alirudi naye Marekani. Lakini wenye kupima mambo waliuliza, na swali lao lina haki: je, farasi aliyelala chini ameridhika, au amekata tamaa tu? Ukanda ulikuwa bado ni ukanda. Rarey alipunguza maumivu, akaongeza subira, na kwa hayo anastahili sifa. Lakini alithibitisha utulivu wa farasi aliyezuiwa, si hiari ya farasi aliye huru.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jambo la ajabu lilitukia Berlin, nalo likaleta nuru kwa njia isiyotazamiwa. Mzee mmoja mwalimu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans, aliyesifiwa kwamba ajua hesabu. Akiulizwa jumla ya namba, alipiga ukwato chini mara zinazohitajika akaacha. Mwaka 1904 kamati ya wataalamu ilimchunguza, isione udanganyifu. Ndipo Oskar Pfungst, mwanafunzi wa elimu ya nafsi, akafanya majaribio ya uangalifu, na mwaka 1907 akatoa matokeo. Hans alikosa karibu kila mara muulizaji mwenyewe asipolijua jibu, na alikosa pia asipomwona muulizaji. Hakuwa akihesabu. Alikuwa akitazama mwili wa mtu: kuinama kidogo wakati wa kungoja, kuinuka kidogo mno kichwa hesabu inapotimia. Hata Pfungst mwenyewe, baada ya kujua siri, aliona shida kuzizuia ishara hizo.

Wengi walicheka kwamba farasi mwenye akili amefichuliwa kuwa mjinga. Kicheko hicho kilikosea njia. Hans alionyesha kipaji kilicho kikubwa kwa namna yake: kumsoma mwanadamu katika mambo ambayo mwanadamu hajui kuwa anayasema. Kwa elimu ya kuita, maana yake ni wazi. Farasi aliye malishoni haisikilizi sauti peke yake. Huona mabega yaliyokazana, hatua za haraka, macho yaliyomkazia kama ya mwindaji, na mkono uliofichwa nyuma pamoja na hatamu. Mtu aitaye kwa maneno matamu na mwili wa ukali amesema mambo mawili, na farasi huamini la pili. Waswahili husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kwa farasi, maneno hayatoshi.

Wakati huohuo elimu ya tabia za wanyama ilikuwa ikiwekwa katika kanuni. Edward Thorndike wa Marekani, katika kazi yake ya mwaka 1898 juu ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku, alionyesha kwamba kitendo kinachofuatwa na faida hurudiwa, na mwaka 1911 aliieleza kanuni hiyo kwa ukamilifu. B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1938 na kazi zilizofuata, alieleza zaidi jinsi malipo yanavyojenga tendo, na kwamba tendo lililokwisha imarika hudumu zaidi likilipwa mara kwa mara bila mpango kuliko likilipwa kila safari. Yale ambayo saisi hodari aliyajua kwa mkono yalipata sababu.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kazi ya kumfundisha farasi kuja huenda kwa daraja. Huanza karibu, mahali palipozungushwa uzio, ambapo farasi hana mengi ya kumshughulisha. Ishara huchaguliwa moja, jina au mbinja, nayo hutolewa kwa namna ileile kila siku, wala haitumiki kwa jambo jingine. Mara tu baada ya ishara hufuata kitu chema: konzi ya shayiri, kipande cha karoti, au kukunwa chini ya singa za shingo. Farasi akipiga hatua moja kuelekea kwa mtu, hatua ile hulipwa. Kisha umbali huongezwa kidogo kidogo. Halafu hupelekwa uwanja mkubwa. Halafu huitwa akiwa pamoja na wenzake. Ishara ikishaimarika, malipo hupunguzwa lakini hayakatwi kabisa.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kumwita kwa kazi tu. Farasi akija mara kumi na mara zote kumi akatandikwa, ya kumi na moja atafikiri. Mfugaji mwema humwita pia bila haja, akamlipa, akamwacha arudi kwenye majani yake. La pili, baya kuliko la kwanza, ni kumwadhibu farasi aliyechelewa kuja. Mtu hudhani anaadhibu kuchelewa. Farasi, ambaye hupatanisha kipigo na tendo lililokitangulia karibu, huadhibiwa kwa kuja. Kosa hilo moja limeharibu farasi wengi, na si farasi tu.

Utafiti wa karibu umeongeza ushahidi. Mwaka 2010 Carol Sankey na wenzake wa Ufaransa walitangaza kuwa farasi wachanga waliofundishwa kwa malipo ya chakula waliwaendea watu kwa hiari zaidi kuliko waliofundishwa pasipo malipo, na kwamba tofauti hiyo ilionekana bado baada ya miezi mingi. Mwaka 2012 Leanne Proops na Karen McComb wa Uingereza walionyesha kuwa farasi huweza kuunganisha sauti ya mtu amjuaye na umbo la mtu huyohuyo. Basi aitaye haiti kama mtu tu. Huita kama mtu fulani, mwenye hesabu yake katika kumbukumbu ya farasi.

Afrika ya Mashariki haina historia ndefu ya farasi, na sababu yake inajulikana. Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, na mnyama alikuja kwa njia hiyohiyo ya bahari. Farasi walikuwako Unguja, na Sayyid Said alipomtuma Ahmad bin Na'aman na merikebu Sultana, iliyofika New York tarehe 30 Aprili 1840, zawadi kwa Rais wa Marekani zilikuwa pamoja na farasi wawili wa Kiarabu. Lakini bara lilifungwa na ndorobo na ugonjwa wa farasi. Vita vya 1914 hata 1918 vililitia wino wa damu jambo hilo. Mwezi Aprili 1916 askari wapanda farasi wa Afrika ya Kusini chini ya Jemadari van Deventer waliingia Kondoa-Irangi kwa mvua na matope, wakiwa wamepoteza mamia ya farasi njiani, na katika vita ile nzima walikufa kwa maelfu. Farasi hao hawakuletwa kwa kukosea katika mafunzo. Walikuja kwa kuwa walifundishwa vema. Sauti waliyoiamini iliwaita mahali pasipofaa kwao kuishi.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Anayemfundisha mnyama kumwogopa humwachia angalau silaha ya kukimbia. Anayemfundisha kumwamini humnyang'anya silaha ile, na kwa hiyo hujitwika deni. Baada ya vita ileile jeshi la Uingereza liliwauza maelfu ya farasi wake Misri badala ya kuwarudisha. Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi, aliwakuta baadhi yao katika barabara za Cairo miaka kumi na zaidi baadaye, wamekonda, wakivuta mizigo. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London kuwaombea msaada, akawanunua farasi wa vita wapatao 5,000, ambao wengi walikuwa wazee na wagonjwa kiasi cha kutofaa kitu ila kupumzishwa mateso, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama mjini humo. Alilipa deni ambalo hakulikopa yeye.

Methali ya pwani yasema asante ya punda ni mateke, na hutajwa kumlaumu mnyama asiye na shukrani. Historia ya farasi aitwaye malishoni hutoa hesabu nyingine. Kuanzia saisi wa Xenophon hata konzi ya shayiri ya leo, mnyama amelipa mara nyingi zaidi kuliko alivyolipwa: aliitwa akaja, kwa shamba, kwa safari na kwa vita. Mwanafunzi wa historia anayepima hukumu kati ya hofu na imani hana budi kukiri kuwa imani ndiyo iliyoshinda kwa kazi. Lililobaki wazi ni kama wale walioaminiwa walistahili.